Nyimbo 22 kila Jumatano, kwa sikio moja

Sikio langu la kulia halisikii. Liliziba nikiwa na miaka sita, baada ya homa, na tangu hapo muziki wote ninaoupenda umeingilia mlango wa kushoto. Nalitaja mapema kwa sababu orodha ninayotaka kuieleza hapa nimeipima kwa sikio lililobaki, na mambo mawili matatu ambayo pengine wewe utayapita bila kuyaona yamenigusa sana, mengine kwa raha, mengine kwa maumivu.

Ni orodha ya nyimbo 22 kwenye huduma ya muziki ya mtandaoni. Kila Jumatano asubuhi zile za wiki iliyopita huondoka zote, zikaingia nyingine. Anayezichagua ni mtu mmoja, kwa kuzisikiliza. Hakuna kompyuta inayopeleleza nilichocheza jana ili leo iniletee pacha wake. Ukiifungua utakuta bluzi ya miaka ya 1920, taarabu, jazi, rumba ya Kikongo, kwaya, disko, muziki wa elektroniki na kitu kilichotoka mwezi uliopita, vyote katika saa moja na nusu hivi. Nimeifuata kwa wiki 31. Nina daftari la mistari ambamo kila wimbo nimeuandika, na pembeni alama: nyota kwa wimbo ulionisimamisha, msalaba kwa wimbo nilioruka. Misalaba ni michache.

Orodha za mchanganyiko zimejaa tele, na nyingi huchosha upesi. Kila wimbo unakuja kumfukuza aliyetangulia, na mwisho wa saa unabaki na kelele kichwani kama mtu aliyetembezwa sokoni akiwa amefumbwa macho. Mchaguzi wa hii anajua kuunga. Wimbo mmoja unakufundisha namna ya kuusikia ule unaofuata, na mara nyingi unaofuata unakurudisha kwa ule wa kwanza, ukauona upya.

Wiki yangu ya pili ilifunguliwa na Blind Willie Johnson, katika rekodi aliyoifanya Dallas mwezi Desemba 1927, "Dark Was the Night, Cold Was the Ground". Ni mtu, gita, na kitu kinachoteleza juu ya nyuzi. Haimbi neno hata moja. Anavumisha sauti kooni kama mtu anayeomba usiku akidhani nyumba nzima imelala. Dakika tatu na ushei, kisha kimya. Wimbo wa pili ulikuwa Glenn Gould kwenye piano, Aria inayofungua "Goldberg Variations" za Bach, katika rekodi yake ya pili ya mwaka 1981. Nikajiuliza bluzi ya Texas na Bach vimekutania wapi. Nikaongeza sauti kidogo, na hapo nikamsikia: nyuma ya piano kuna mtu anavumisha. Gould alikuwa hivyo maisha yake yote, hakuweza kupiga bila kuimba chini kwa chini, na mafundi wa kurekodi walihangaika naye. Rekodi ile nilikuwa nimeisikia mara nyingi huko nyuma, na ule mvumo nikiuchukulia kama doa kwenye shuka jeupe. Baada ya Johnson doa likatoweka. Nilisikia watu wawili ambao mikono yao ilikuwa inasema jambo lisilo na maneno, na koo zikashindwa kunyamaza, miaka 54 kati yao.

Siku tatu baadaye, nikiwa napiga deki, likanijia jambo lingine. Wote wawili wamo katika santuri iliyopakwa dhahabu inayosafiri na vyombo vya Voyager vilivyorushwa angani mwaka 1977. Johnson yumo na wimbo huohuo. Gould yumo na kipande kingine cha Bach. Santuri ile ina vipande 27 vya muziki wa dunia, vimepangwa kwa ajili ya yeyote atakayevikuta huko mbali. Nayo ni orodha ya mchanganyiko, kubwa kuliko zote. Mchaguzi wangu hakuandika lolote kuhusu hilo. Aliweka nyimbo mbili jirani, akaondoka.

Kwa hiyo usibonyeze kitufe cha kuchanganya mpangilio. Nilijaribu mara moja, kwa ajili ya tathmini hii, na ilikuwa kama kusoma barua ambayo kurasa zake zimeanguka zikaokotwa ovyo.

Wiki ya 19 ndiyo iliyonifanya niandike. Ilianza na "Rock Around the Clock" ya Bill Haley, ya mwaka 1954, wimbo ambao nilikuwa sina hamu nao kabisa. Ukafuata "I Will Survive" ya Gloria Gaynor wa mwaka 1978. Nikaona leo amechoka, ameamua kupiga nyimbo za harusini. Kisha Manu Dibango, "Soul Makossa", 1972. Kisha Beach Boys, "God Only Knows", 1966. Kisha The Winstons, "Amen, Brother", 1969. Katikati ya hizo zilikuwamo nyingine ambazo sikuzijua, za nchi na lugha mbalimbali, baadhi zikiwa na mkwaruzo mzito wa santuri. Nilisikiliza Jumatano, nikasikiliza Alhamisi. Sikuona uzi unaozishona. Nilipigwa na butwaa Jumamosi usiku, daftari likiwa wazi mezani: zote tano nilizozijua zilitolewa kama upande B.

Kwa wasiokumbuka santuri ndogo za mizunguko 45: upande A ndio uliobeba wimbo uliotarajiwa kuuza, ule wa kupelekwa redioni. Upande B ulikuwa wa kujazia, kwa kuwa santuri haiwezi kuwa na upande mmoja. Haley aliwekwa nyuma ya wimbo mwingine, na ilichukua hadi mwaka 1955, filamu moja ilipoutumia, ndipo dunia ikaugeuza. Gaynor naye alikuwa upande wa pili, na ni wapiga disko waliomgeuza, usiku baada ya usiku, mpaka kampuni ikakubali. Dibango alikuwa ametengeneza wimbo wa Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Kamerun mwaka 1972, na "Soul Makossa" ikawa ya kujazia nyuma yake. Leo ni nani anayeuimba ule wa kombe?

Na "Amen, Brother". Huo una sehemu ambapo vyombo vyote vinanyamaza na mpigaji dramu anabaki peke yake kwa kama sekunde saba. Basi. Sekunde saba hizo zimekatwa, zikarudiwarudiwa, zikaharakishwa, zikatumika katika maelfu ya nyimbo, za hip hop zikiwamo, na muziki mzima wa jungle na drum and bass wa Uingereza wa miaka ya 1990 umesimama juu yake. Mpigaji aliitwa Gregory Coleman. Hakupata malipo kwa matumizi hayo yote, na alifariki mwaka 2006 akiwa hana makazi. Mchaguzi aliuacha wimbo ule uishe hadi mwisho, kisha akaleta kipande cha jungle ambacho dramu yake ni ileile, imekimbizwa hadi inasikika kama mvua juu ya mabati. Nilisimama katikati ya chumba. Ukisikia kipande cha pili peke yake unasikia mashine. Ukikisikia baada ya cha kwanza, unasikia mkono wa mtu.

Mimi nimeishi na upande mmoja tangu utotoni, kwa hiyo naomba msomaji anielewe kwa nini wiki hiyo nimeisikiliza mara tisa.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sijaona mtu akilitaja popote anapoeleza orodha za muziki. Rekodi nyingi za sterio, yaani zenye sauti tofauti kwa sikio la kulia na la kushoto, za miaka ya 1960 zilichanganywa kwa namna ya kugawa: waimbaji wote upande mmoja, vyombo upande wa pili. Albamu ya kwanza ya Beatles ya mwaka 1963 iko hivyo katika toleo lake la sterio. Kwenye spika za sebuleni haina neno, sauti zinakutana hewani. Kwenye hedifoni, kwa mtu kama mimi, nusu ya bendi haijafika kazini.

Nilipokuwa kijana nilikuwa na wimbo mmoja wa zamani niliousikiliza kwa karibu miaka miwili nikiamini ni wa vyombo vitupu. Gita, besi, dramu, na nafasi kubwa ya kupendeza ambayo nilidhani imeachwa kwa makusudi. Siku moja nilikuwa nafua, naufuatisha ule mlio wa gita kwa mdomo, dada yangu akapita akaanza kuimba maneno juu yake. Nikamuuliza, "Dada, hayo maneno umeyatoa wapi?" Hakujibu. Alinivua hedifoni, akazigeuza, kilichokuwa kulia akakiweka kushoto. Mwimbaji alikuwepo muda wote.

Simu nyingi za siku hizi zina mpangilio wa sauti mono, umefichwa kwenye sehemu ya mahitaji maalumu, na mimi siishi bila huo. Unakusanya pande zote mbili kuwa moja. Hata hivyo mono ya kulazimishwa ina dosari zake: baadhi ya michanganyiko ya sterio ikikunjwa hivyo, ala fulani hufifia au sauti hupata utupu usioelezeka. Ndiyo maana nilishtuka kwa furaha nilipoanza kugundua kwamba mchaguzi huyu, kila anapogusa miaka ya 1960, hutafuta toleo la mono la asili pale lilipo. Nimekagua. Wimbo mmoja uliopo kwenye huduma ya muziki kwa matoleo manne, yeye alichukua la mono, ambalo si la kwanza kutokea unapotafuta. Mtu aliyefanya hivyo alisikiliza matoleo yote manne.

Na "God Only Knows" ilipokuja wiki ile ya 19 ilikuja hivyohivyo. Brian Wilson wa Beach Boys, aliyeutengeneza, alikuwa karibu kiziwi kwa sikio la kulia. Sikio lilelile. Albamu ya "Pet Sounds" aliichanganya kwa mono na ikatoka kwa mono mwaka 1966. Toleo rasmi la sterio lilikuja miongo mitatu baadaye. Nimesoma watu wakisifu lile la sterio kwamba linaufungua muziki, unaona kila ala iliposimama. Sina la kubishana nao. Ninachoweza kusema ni kwamba katika toleo la mono, lile baragumu la mwanzo, kodiani, njuga, sauti zinazopishana mwishoni kama watoto wanaofukuzana, vyote vimewekwa na mtu aliyekuwa anasikia ninavyosikia mimi. Hakuna kilichobaki nje ya mlango. Niliuweka nyota tatu, na daftari langu halina nyota tatu nyingine.

Hata wewe mwenye masikio mawili, ukigawana hedifoni na mtu, kila mmoja sikio lake, washa mono. Vinginevyo mnasikiliza nyimbo mbili tofauti.

Nisiwe nimesifu tu. Kosa kubwa la orodha hii ni ukubwa wa sauti. Rekodi ya mwaka 1927 ni nyembamba, imejaa mkwaruzo, unaongeza sauti ili umfuate mtu ndani yake. Ikifuatwa na kitu cha miaka hii, kilichobanwa na kupandishwa mpaka hakuna bonde wala kilima, unapigwa kofi. Programu za muziki zina mpangilio wa kusawazisha, nami nimeuwasha, lakini husawazisha kwa wastani wa wimbo mzima. Wimbo unaoanza kwa mlipuko bado unalipuka. Wiki ya 8 alitoka kwenye piano ya kimyakimya akaingia moja kwa moja kwenye magitaa ya metali. Nilizing'oa hedifoni kichwani na mlio ulibaki sikioni hadi usiku. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Mwenye masikio mawili na ahesabu atakavyo. Mimi nina moja, na ninalitunza kama taa ya mwisho ndani ya nyumba. Mchaguzi angeweza kuweka daraja kati ya hizo mbili, wimbo mmoja tu wa ukubwa wa kati. Ana ustadi wa kuunga maana. Ustadi huohuo autumie kuunga sauti.

La pili ni miaka. Orodha inaonyesha mwaka ambao huduma ya muziki imeuandika, na huo kwa kawaida ni mwaka wa toleo jipya. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 na kundi lake kurekodi kwa lebo ya His Master's Voice. Rekodi yake ilipotokea wiki ya 14, kando yake uliandikwa mwaka wa juzijuzi. Msikilizaji mpya angedhani ni mtu wa leo anayeigiza mkwaruzo wa zamani. Katika orodha ambayo sifa yake yote ni kuruka enzi, mwaka ni nusu ya wimbo. Mstari mmoja wa maelezo ungetosha: mwaka, mahali, na nani alipiga nini. Jina la Coleman halikuonekana popote wiki ile. Palionekana jina la bendi, basi. Mtu ambaye dunia ilimnyima malipo, angalau angetajwa.

La tatu nalisema kwa uchungu. Wiki ya 23 alimweka Umm Kulthum, mwimbaji wa Misri, "Enta Omri", wimbo wa mwaka 1964 uliotungwa na Mohammed Abdel Wahab. Wimbo huo jukwaani ulikaribia saa nzima. Yeye aliweka kipande cha dakika tisa, na kipande kile kinakatika palepale mwimbaji anapoanza kurudia mstari, na kurudia kwake ndiko kulikowafanya watu wapige kelele za kumwomba arudie tena. Ni kama kumwita mgeni mlangoni kisha ukamfungia. Naelewa kwamba saa moja ingekula orodha nzima. Basi asimweke, au siku moja atoe wiki yenye wimbo huo na mingine mitano tu. Uvumilivu anao: Franco na "Mario" ya mwaka 1985 aliiacha yote, dakika zote kama 14, mwimbaji wake Madilu akilalamika taratibu kuhusu yule kijana anayelishwa na mwanamke mwenye fedha, hadi magitaa yanapochukua kazi na miguu haina pa kukimbilia. Aliyeweza kungoja kwa Franco angengoja kwa Umm Kulthum.

Muziki wa sasa naona anauogopa kidogo. Katika nyimbo 22, za miaka mitano ya karibuni mara nyingi ni mbili au tatu, tena zile zinazofanana na za zamani. Amapiano imetokea mara nne katika wiki 31, na kila mara ni ile ya pole. Hip hop yake inaishia miaka ya 1990. Ningependa siku moja anione nikishangaa kwa kitu cha mwaka huu kama nilivyoshangaa kwa Gould.

Na kuondoka kwa zile za zamani kila Jumatano: nilianza kwa kukasirika, kwa sababu hakuna kumbukumbu mahali popote, ukichelewa umekosa. Ukitaka kuhifadhi, nakili orodha yote kwenye maktaba yako Jumanne usiku. Hicho ndicho ninachofanya. Daftari nalo limenisaidia kuliko nilivyotarajia, kwani ule uzi wa upande B nisingeuona kwenye kioo cha simu. Niliuona kwa sababu majina yalikuwa yameandikwa kwa mkono wangu, yamepangana.

Leo ni Jumatano ya 32. Wimbo wa kwanza unaanza kwa sekunde kumi na mbili za mkwaruzo mtupu, santuri inazunguka na hakuna anayepiga kitu. Kisha mwanamke anavuta pumzi. Nimeurudisha mara nne kusikia pumzi ile, na zile 21 bado zinanisubiri.